Jino la Chini la Mjukuu wa Mzee Maduhu

Kila nikianza kusimulia jambo hili najikuta nimejipendelea kidogo, na mimi simpendi mtu anayesimulia aibu yake huku anajisafisha pembeni, kwa hiyo leo nitaiweka aibu yenyewe mezani kwanza, wote tuione, halafu ndiyo tuulizane ilifikaje hapo. Mimi, Anastazia, mshonaji wa Mabatini, Mwanza, mama mzima mwenye watoto watatu, niliwahi kuzunguka ukumbi mzima pale Mirongo, benchi kwa benchi, nimebeba mtoto wa watu anayelia, nimemfungua mdomo kwa vidole viwili, nikiwaonyesha watu jino lake kama dalali wa mnadani anayeuza ndama. Na watu walikuwa wanainama kuangalia. Kuna walioniita nirudi kwa sababu hawakuona vizuri.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa lakini kila kitu ukitafute mwenyewe. Kikundi chetu cha ngoma zamani kilikuwa mali ya kiwanda cha nguo, tulikuwa waajiriwa kabisa, mimi nashona sare mchana na jioni nacheza, na Petro, kiongozi wetu, alikuwa anapiga ngoma kubwa kwa namna ambayo hata mameneja walikuwa wanaacha chai yao waje mlangoni. Mgeni wa serikali akishuka uwanja wa ndege, sisi ndio tunampokea. Kiwanda kilipoanza kuyumba wakatupunguza sisi wa kwanza (sisemi kwamba walikosea, mtu hali ngoma), wakatupa ngoma sita, njuga za kutosha, na barua ya kutushukuru yenye mhuri.

Tangu siku ile kulikuwa na neno moja tu midomoni mwetu, nalo ni mfadhili. Huyu kasikia kuna mfadhili Bukoba, yule kasikia kuna mfadhili kashukia hotelini anapenda utamaduni, tunavaa njuga tunakwenda, tunakuta kumbe ni muuza dawa za mifugo. Miaka miwili ilipita hivyo. Mwisho Petro akatuita akasema yeye amechoka, hoteli moja imeomba kununua ngoma zote sita iziweke mapokezi na vyungu vya maua juu yake, na kama mwezi ukiisha hatujapata mtu wa kutushika mkono, ataziuza, tutagawana, na yeye atakwenda Geita kuchimba dhahabu na wenzake. Nilimwangalia mikono. Ilikuwa mikono ya mtu wa ngoma, si ya sururu. Nilikwenda nyumbani nikaandika kwenye daftari langu: "Vyungu vya maua."

(Daftari hilo naandika tangu nimalize darasa la saba. Mwandiko wangu ni mzuri, mawazo sina hakika.)

Sasa katika mwezi huohuo akaja kwenye cherehani yangu mama mmoja wa Kituruki, jina lake Emine. Mume wake alikuwa fundi wa mitambo ya baridi, aliletwa kufunga majokofu kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, wakapanga nyumba Igogo, nyumba ina madirisha makubwa na haina mapazia. Mama Emine alikuwa na maneno kama arobaini ya Kiswahili na aliyatumia yote kila siku, kwa hiyo tulielewana sana. Siku moja aliyafuata mapazia akanikuta bado napinda, akakaa kusubiri, akatoa kwenye mkoba albamu ya picha, na mimi nikaacha kupinda.

Picha ya kwanza, mtoto mchanga amekaa kwenye shuka nyeupe, mbele yake sinia ina mkasi, kalamu, chanuo, kioo. Akanieleza kwamba kwao mtoto akiota jino la kwanza wanachemsha ngano, wanamnyunyizia kichwani, majirani wanakuja kula, na mtoto anawekewa vitu kwenye sinia achague: akishika kalamu atakuwa msomi, akishika mkasi ni mshonaji. Picha ya pili, mtoto wa kiume amevaa nyeupe na joho begani na kofia yenye unyoya kama mfalme mdogo, kumbe ndiyo siku ya kutahiriwa. Ya tatu, bibi harusi kafunikwa kitambaa chekundu usoni, wanamtia hina kiganjani, naye kafumba ngumi hataki kuifungua mpaka mama mkwe amwekee pesa ya dhahabu. Ya nne, kijana kabebwa mabegani na wenzake, tarumbeta na ngoma vinapigwa, anakwenda jeshini, na mama yake yuko nyuma anacheka na kulia kwa pamoja.

Niliangalia zile picha nikaona watu ninaowajua.

Usiku niliandika zote nne. Kesho yake nikampa Petro daftari asome ukurasa huo mmoja (mingine niliikunja, ina mambo yangu). Akasoma akiwa amesimama, halafu akakaa, halafu akaanza kupiga vidole kwenye goti.

"Anasta, hii ni ngoma."

"Ni ya Waturuki."

"Kwani sisi hatuoti meno?"

Hivyo ndivyo tulivyotengeneza ile kazi tukaiita Hatua Nne. Habari ni yao, miguu ni yetu, na Mama Emine alikuja kwenye mazoezi kila jioni akatufundisha kufumba ngumi kama bibi harusi wa kwao. Na mfadhili tukampata wa kumwendea, hapahapa mjini, Mzee Maduhu, aliyeanza kwa kuuza dagaa kwa baiskeli na sasa ana malori yanayobeba samaki na duka la nyavu. Tulikwenda mimi na Petro, tukampa shikamoo, tukajieleza. Akatusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wafadhili wengi hawakufanya.

"Uturuki mimi sipajui," akasema. "Ngoma naijua. Jumamosi nitakuja na mama yenu na jamaa zangu tuangalie. Nikiona kitu, nitawapa nguo, nauli na posho mwaka mzima, mzunguke Kanda ya Ziwa yote na jina langu kwenye kitambaa. Nisipoona kitu, nitamaliza soda yangu niende zangu."

Basi, hapo ndipo penye kosa langu, na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni dogo, unaweza kulipita.

Kwenye mazoezi tulikuwa tunatumia mtoto wa matambara niliyemshona mwenyewe. Alhamisi nikapeleka gauni la Bibi Kabula, mke wa Mzee Maduhu, aliloniagiza kwa ajili ya siku hiyohiyo, kitenge chenye mikono iliyovimba mpaka masikioni kama ilivyokuwa fasheni. Bibi Kabula sikumkuta, yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nilimkuta mkwe wake Shija amekaa sebuleni ananyonyesha Baraka, mtoto wa miezi saba, mjukuu wa kwanza wa nyumba ile. Baraka akaachia ziwa akanicheka. Kwenye ufizi wa chini palikuwa na kitu cheupe kama punje ya mchele.

Nikajiambia, mfadhili atakayemwona mjukuu wake mwenyewe jukwaani, na jino lake mwenyewe, huyo atakataaje? Nikamweleza Shija. Shija ni binti mpole, akasema, "Kama ni ngoma tu dada, hakuna neno." Akanikaribisha chai nimsubiri mama mkwe wake arudi. Ningekunywa ile chai, nisingekuwa na la kuwasimulia leo. Lakini nilikuwa na suruali nne za watu hazijatiwa zipu, nikasema nitapita siku nyingine.

Jioni nilipomweleza Petro kwamba tutamtumia Baraka, akaniuliza, "Umeongea na bibi yake?"

Nikamjibu, "Nimeongea nao."

Neno lenyewe ndilo hilo. Halikuwa uongo kamili, nilikuwa nimeongea na mmoja wao. Petro akaniuliza tena, "Na bibi?" na mimi nikamjibu huku nakata uzi kwa meno, "Petro, nimeshakwambia." Naandika hivi ili mtu asije akasema Petro hakuuliza. Aliuliza mara mbili.

Kuna pia habari ya ngano. Mama Emine alisema ngano, lakini Mwanza unga wa ngano umejaa madukani na punje zake huzioni, nimezunguka soko zima. Nikanunua mtama mweupe, nikauchemsha, nikaona rangi inakaribiana. Na nguo, kwa sababu bafta nyeupe ndiyo ilikuwa rahisi, niliwashonea wachezaji wote nyeupe.

Jumamosi saa tisa ukumbi ulijaa. Mzee Maduhu alikaa mbele kwenye kiti chenye mto, soda mkononi, kando yake Bibi Kabula ndani ya gauni langu, akijaa kweli, mwanamke wa kuonekana, na kiti cha tatu Shija, mikono mitupu, Baraka ninaye mimi nyuma ya jukwaa (alimwambia mama mkwe wake kwamba mtoto kaachwa nyumbani amelala, hilo sikumtuma, ila nilijua). Mama Emine na mumewe walikaa upande wa pili. Nyuma yao jamaa za Mzee, wanakwaya, mama wa sokoni, mafundi, na kina mama wengi wenye watoto wachanga kwa sababu ilikuwa bure na kulikuwa na soda.

Petro akapanda akasema kwa sauti yake nzuri, "Tunaanza. Mtoto ameota jino." Akateremka akaketi kwenye ngoma yake, akaipiga taratibu, chini chini.

Nikatoka. Nimevaa nyeupe kichwani mpaka miguuni, mimi ndiye bibi kwenye ngoma, nimembeba Baraka kafunikwa nyeupe uso haonekani, nyuma yangu wasichana wanne wenye nyeupe na nyungo za mtama, tunatembea polepole, hatusemi kitu, tunamwaga mtama kidogo kidogo juu ya kichwa cha mtoto.

Mkiniuliza leo ilionekanaje, nitasema bila kujitetea: ilionekana kama tambiko. Tena si tambiko la hivihivi. Kwetu mtoto akianza kuota meno ya juu kabla ya chini anaitwa kigego, na wazee wa zamani walimhesabu kuwa ni mkosi mkubwa, mpaka afanyiwe mambo ndipo ukoo upone, na mambo yao mengine juu ya watoto hao sitayaandika. Sasa hivi tunasema hatuamini. Lakini jino la chini, jino la kawaida, nani amewahi kulipigia ngoma? Mtu wa kwetu akisikia ngoma ya jino, na nguo nyeupe, na mtama, anajua moja kwa moja limeotea wapi.

Mimi nilikulia hapahapa. Nilijua yote haya kama ninavyojua jina langu. Lakini kwa wiki tatu nilikuwa naangalia kwa macho ya albamu.

Mnong'ono ukaanza kwenye benchi la mama wa sokoni, na kwa kuwa nilikuwa karibu niliusikia, nikadhani wanasifia.

"Ni la juu nini?"

"Sasa wangefanya yote hayo kwa la chini?"

"Maskini. Mtoto wa nani?"

"Angalia mama yake anavyotazama. Yule pale, mkwe wa Maduhu."

"Mjukuu wa Maduhu? Na malori yote yale?"

Petro naye akasikia ukumbi unavuma, akajua ngoma imewaingia watu, akaongeza. Mimi nikamketisha Baraka kwenye shuka, nikamfunua uso, nikamsogezea sinia yenye kalamu, mkasi, chanuo, kufuli la duka, na kipande cha wavu (huo niliuweka kwa ajili ya babu yake). Baraka hakushika hata kimoja. Aligeuka nyuma, akachota mtama shukani kwa viganja viwili, akala.

"Jamani anaula," mama mmoja akasema kwa sauti. "Wa kutolea mkosi hauliwi."

Na mwingine akasimama, mtoto wake mgongoni, akasema kwa adabu kabisa, nampa haki yake, hakutukana: "Dada zangu, kama lilikuwepo jambo hili mngetuambia mapema, tusingekuja na watoto." Akaenda mlangoni. Mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu. Kina mama wenye wachanga wote wakainuka.

Mzee Maduhu akaweka chupa chini.

"Petro. Simamisha."

Ngoma ikakatika.

"Mjukuu wangu ana nini?"

Petro akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia shuka. Bibi Kabula alikuwa amemgeukia mkwe wake. "Shija. Yule ni Baraka?"

"Dada Anasta alisema ni ngoma tu, mama."

Na ni kweli nilisema.

Bibi Kabula akainuka. Jukwaa lilikuwa na ngazi mbili ndefu, akapanda ya kwanza, akapanda ya pili, akainama kumnyanyua mjukuu, na hapo nikasikia ule mlio ambao mshonaji anaujua hata akiwa usingizini: mshono wa kwapani umeachia, mkono wa kulia, wote. (Niliushona harakaharaka. Sitasingizia uzi.) Yeye wala hakujali. Akamkumbatia Baraka, akamfuta mtama mdomoni, akapitisha kidole kwenye fizi zake, akawageukia wale wa mlangoni.

"Rudini mkae."

Wakarudi wakakaa. Alikuwa mwalimu wa sauti ya pili kwenye kwaya, na wengi wao aliwafundisha.

"Jino ni la chini," akasema. "Nani amesema ni la juu?"

Mama wa sokoni wakaangalia miguu yao.

"Hakuna aliyesema. Basi wote mtaliona. Anastazia."

"Abee, mama."

"Wewe ndiye uliyemleta mbele za watu. Utamtembeza. Benchi kwa benchi."

Sijui ni kitu gani kilinishika. Nikakumbuka kwamba tangu ameingia ukumbini sijamsalimia, nikasema, "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Tembea."

Nikatembea. Baraka alikuwa ameshaanza kulia, jambo ambalo Mungu anisamehe lilisaidia, kwa sababu mdomo ulikuwa wazi wenyewe. Benchi la kwanza ni la mama wa sokoni, walewale. Wakainama vichwa vinne pamoja.

"Mgeuze kwenye mwanga, dada."

"Hilo. Ni la chini."

"La chini kabisa. Tena limekaa vizuri."

"Mimi nilisema tangu mwanzo," akasema yule aliyeuliza la juu.

Benchi la pili, la chini. La tatu, la chini. Jasho linanitiririka ndani ya bafta, kitambaa kimenishuka machoni, na mikono yote miwili ina kazi siwezi kukipandisha. Benchi la nne alikaa mzee mmoja fundi baiskeli ambaye macho yake yalikuwa yameanza ukungu, akasema yeye haoni, na bila kuliona hawezi kushuhudia, naye si mtu wa kusema asichokijua. Nikamwona ana haki. Akaomba apapase. Akaingiza kidole, na Baraka akaacha kulia, akafikiri, akauma.

"La chini," mzee akasema akikung'uta kidole. "Na ni zima."

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Walicheka mpaka mabenchi yakacheka. Na Petro (huyu mtu nimemkosea mara nyingi lakini hapa aliniokoa), Petro akapiga ngoma pigo moja. Nikafika benchi la tano, watu wakainama, wakasema "La chini," Petro akapiga mawili. La sita, wale wasichana wanne waliobaki jukwaani wameganda na nyungo zao wakaitikia, "La chini." La saba, watu wa nyuma ambao hata hawajaliona wakaitikia nao, na ngoma sasa imeshika mwendo, na miguu yangu, ambayo haijawahi kuwa na haya, ikaanza kufuata. Nilikuwa nalia, nacheza, na nafungua mdomo wa mtoto, vyote kwa pamoja. Baraka alipoona anarushwarushwa akanyamaza, kisha akacheka, na jino likaonekana mpaka dirishani.

Mama Emine hakujua kitu. Yeye aliona tumeongeza. Akaja mbio katikati ya mabenchi, akafungua pini kwenye kifua chake, ilikuwa na pesa ndogo ya dhahabu kama kifungo cha shati yenye utepe mwekundu, akambandika Baraka kwenye nguo kama wafanyavyo kwao, akanibusu huku na huku.

"Nzuri sana," akasema. "Uturuki hapana hii. Hii nzuri zaidi."

Wenzangu, mtu wa kwetu akiona mwenzake anatuza hakai kitini. Wakainuka mama wa sokoni, wakainuka wanakwaya, akainuka hata yule aliyekuwa wa kwanza kwenda mlangoni, wakambandika Baraka noti mpaka akawa kama kuku mwenye manyoya. (Noti zote nilimkabidhi Shija papo hapo, mbele ya watu, na ya dhahabu pia.) Bibi Kabula alikuwa bado jukwaani, mikono kifuani, kwapa wazi, anahakikisha.

"Bado benchi la nyuma kushoto," akasema.

Nikaenda na la nyuma kushoto.

Hatua tatu zilizobaki tulizicheza. Binti aliyekuwa bibi harusi alifumba ngumi yake vizuri kuliko siku zote, na ni haki niseme hivyo kwa sababu hakuna aliyemwangalia. Watu walikuwa bado wanafuta machozi na kuhadithiana kidole cha fundi baiskeli.

Tulipomaliza Mzee Maduhu akatuita uani, mimi na Petro. Mkewe yuko kando yake, Baraka kalala begani. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa moyoni, nilikuwa naviona vile vyungu, maua mekundu kwenye ngoma kubwa, maji yanadondoka kwenye ngozi. Nikasema, kabla hajaanza, kwamba kosa ni langu peke yangu, Petro aliniuliza mara mbili na Shija alinikaribisha chai. Mzee akaniacha nimalize.

"Ile ya tohara nimeona kofia," akasema. "Ile ya harusi nimeona kitambaa. Ile ya jeshi nimesikia tarumbeta. Ni nzuri, sisemi ni mbaya. Lakini mimi nimekwenda kwenye ngoma tangu utoto, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeona ukumbi mzima unaangalia kitu kimoja. Nitatoa. Nguo, nauli, posho, kama nilivyosema."

Petro akashika ukuta.

"Kwa sharti moja. Ile ya jino muicheze kama mlivyoicheza leo. Yote."

"Hata kunong'ona, mzee?" Petro akauliza.

"Hata kunong'ona. Na mwenye kwenda mlangoni."

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na kuzunguka mabenchi?"

"Kuzunguka ndiyo ngoma yenyewe. Na azunguke huyuhuyu," akanionyesha kwa chupa. "Mwingine hatakuwa na uso huo."

Bibi Kabula akasema, "Na kabla ya kumgusa mtoto wa mtu, akamwombe bibi yake. Akae chini, anywe chai, aombe. Hilo nalo liandikwe."

Nilitaka kukataa, nawaambia kweli. Nilikuwa nimeshajiapia mara saba, mara moja kila benchi kuanzia la kwanza mpaka la saba, kwamba nikitoka salama sitasimama tena mbele ya watu maisha yangu yote. Lakini nikamwangalia Petro. Hakuwa ananiangalia mimi wala Mzee. Alikuwa anaangalia mlango wa ukumbi, ambako vijana walikuwa wanazitoa ngoma moja moja, na midomo yake ilikuwa inazihesabu.

Nikasema, "Sawa, mzee."

Mkataba niliuandika mimi, kwa sababu ya mwandiko. Kifungu cha nne kinasema: "Anastazia atazunguka mabenchi yote, pamoja na la nyuma kushoto." Gauni la Bibi Kabula nililishona upya bila malipo, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuridhika.

Kwa hiyo mkasa ambao mtu mwingine angeapa kutourudia, mimi nimeurudia Magu, Shinyanga, Bukoba, Bunda na Musoma, kwa posho. Aibu haijapungua sana, ila imezoeana na mimi. Kiapo nilichobakiwa nacho ni kidogo: nikiongea na mmoja, nasema nimeongea na mmoja. Na nikikaribishwa chai ya kumsubiri mtu, nainywa, hata kama zipu zinaningoja.

Kila mji tunaazima mtoto mwenye jino la chini, na kila mji nakwenda kwanza kwa bibi yake na kilo ya sukari, nakaa mkekani, namweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, bila kuficha. Wengi hucheka, wakakubali. Wa Musoma hakucheka. Alikuwa mzee sana, alinisikiliza akiwa amefumba macho nikadhani amelala. Nilipomaliza akaniuliza, "Na wewe? La kwako lilianza wapi?"

Nikamwambia sijui. Mama yangu alifariki sijawahi kumwuliza.

"Sogea," akasema. "Fungua."

Nikafungua. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaangalia juu, akaangalia chini, akachukua muda wake wote, na mimi nimetulia nimeachama, mama wa watoto watatu.

"Haya," akasema, akaniachia. "Mchukue mtoto."

Alichokiona hakuniambia, na mimi nikambeba mtoto, nikaenda kuwaonyesha watu la kwake.